Uzuri Usiongoja Mtu

Wazee wetu walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ni ya kweli ikitumiwa mahali pake, kwa maana mtu mzima aionaye hatari mbele yake hana haki ya kulalamika baadaye kuwa hakuonywa. Lakini ziko siku ambazo mwenye macho ndiye hasa apasaye kuambiwa, tena aambiwe mara nyingi. Macho ni mlango tu, na mlango kuwa wazi si ushahidi kwamba kuna mgeni aliyeingia. Kuona ni kazi ya jicho. Kutazama ni kazi ya moyo. Jicho laweza kuona mchana kutwa, na usiku ukifika moyo ukawa haukupokea kitu.

Katika insha hii nataka kusema nawe, msomaji kijana, habari za uzuri wa namna moja, nao ni ule upitao. Sisemi habari za dhahabu, wala majumba, wala nguo za thamani. Hivyo vyaweza kufungiwa sandukuni vikangoja mpaka mwenyewe apate nafasi. Nasema habari za umande juu ya jani la mgomba, wingu jekundu upande wa magharibi, maua ya mjakaranda yaliyotandikwa chini kama zulia la zambarau, na harufu ya udongo matone ya kwanza ya mvua yaangukapo. Vitu hivi havina bei, wala havimngoji mtu. Swali langu ni hili: je, mtu ana wajibu wowote juu ya vitu hivyo? Apitaye asivitazame, amekosa, au amepungukiwa tu?

Kabla ya kujibu, yafaa tujue kwa nini hatutazami. Iko methali nyingine isemayo kwamba njia ya siku zote haina alama. Kumbuka siku yako ya kwanza kufika katika shule unayosoma sasa. Siku ile uliona kila kitu: rangi ya mlango, mti ulio karibu na bweni, sauti ya kengele, kilima kilicho ng'ambo ya uwanja. Leo wapita hapo hapo mara kumi kwa siku, na kama mlango ungalipakwa rangi nyingine huenda usingalitambua mpaka uambiwe. Kama husadiki, funga kitabu hiki kwa dakika moja ujijaribu. Karibu na darasa lenu pana mti gani, nao hupukutisha majani mwezi gani? Jana jua lilitua likiwa wazi, au lilizama ndani ya mawingu? Mwezi wa usiku wa leo ni mchanga au mpevu? Ukishindwa kujibu usione haya, kwani wengi wetu hatuwezi. Lakini usijisifu pia.

Sitaki kuyatukana mazoea, maana yana manufaa yake. Mtu ambaye angalistaajabia kila jani njiani asingalifika shuleni kabla ya saa sita, na mpishi ambaye angalishangazwa na kila moshi asingaliivisha ugali. Mazoea ni mtumishi mwema atubebeaye mizigo midogo midogo ili akili ipate kushughulika na mikubwa. Ubaya huja mtumishi huyu anapojifanya bwana wa nyumba, akawa yeye ndiye aamuaye ni mgeni gani aingie na ni yupi afukuzwe. Hapo ndipo mtu hupitisha mwaka mzima asiweze kutaja siku tatu zilizokuwa na sura tofauti na nyingine.

Sasa tutazame jinsi uzuri huu ulivyo mwepesi wa kuondoka. Sisi tukaao karibu na ikweta tumepewa machweo mafupi. Katika nchi za kaskazini ya mbali jua huzama kwa mshazari, na mwanga wa jioni hukawia sana angani. Huku kwetu jua hushuka karibu wima, kama jiwe lidondokalo kisimani, na tangu kuzama kwake mpaka wakati wa kuwasha taa ni dakika ishirini na kitu tu. Muda huo ni kama nusu ya kipindi kimoja cha darasani. Katika nusu hiyo ya kipindi mbingu hupita katika manjano, na wekundu, na zambarau, na kijivu, kisha kazi imekwisha.

Wako watu wadhanio kwamba elimu huua ajabu, na kwamba ukishajua sababu ya kitu huwezi tena kukifurahia. Mimi sikubaliani nao. Mwangaza wa jua umefanyika kwa rangi nyingi pamoja, na hewa huutawanya mwangaza wa buluu kuliko mwekundu. Jioni mwangaza hupita safari ndefu zaidi ndani ya hewa kabla ya kutufikia. Buluu hupotea njiani, na kinachofika machoni petu ni wekundu na manjano. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, aliyejulikana baadaye kwa jina la Lord Rayleigh, alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1871. Je, machweo yamepungua uzuri tangu mwaka huo? Mimi naona yameongezeka, kwa sababu sasa najua kwamba wekundu ule ninaoutazama ni masalio ya safari ndefu, na kwamba buluu iliyopotea kwangu ndiyo iwaangaziayo mchana watu wengine walio mbali upande wa magharibi.

Upinde wa mvua una fundisho kubwa zaidi. Huonekana na mtu aliyelipa jua kisogo, mvua ikiwa mbele yake. Mwangaza huingia katika tone la maji, hugeuka ndani yake, na kurudi kwa pembe ya nyuzi 42 hivi. Kwa sababu hiyo jua likiwa juu sana, kama saa sita za mchana, mtu asimamaye uwandani hawezi kuuona upinde hata mvua inyeshe namna gani. Zaidi ya hayo, matone yakuletayo upinde wewe siyo yamleteayo mwenzako asimamaye kando yako. Kila mtu ana upinde wake, ulioelekezwa kwenye macho yake peke yake. Basi upinde wako usipoutazama wewe, hapana mwingine duniani awezaye kuutazama kwa niaba yako.

Hapo nimefika mahali ambapo sina budi kusema habari zangu mwenyewe, nazo si za kujisifu.

Nililelewa pwani, upande wa Kilifi, mahali ambapo mibuyu husimama katikati ya mashamba kama wazee waliosahau walikokuwa wakienda. Nyumbani tulikaa na nyanya yangu, mzaa mama. Mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili, na wakati ule tiba yake ilikuwa mbali nasi. Hata hivyo hakuwa mtu wa kukaa bure. Mchana kutwa alisuka ukili barazani kwa kupapasa, na aliyemchagulia ukindu wa rangi alikuwa ni mimi. Akisema, "Nipe mwekundu," nikampa mwekundu. Akisema, "Sasa mweupe," nikampa mweupe. Sikupata kumsikia akikosea mpangilio wake hata mara moja, ingawa mkeka ule yeye mwenyewe hakuweza kuuona.

Kila jioni nilipotoka shuleni nilimwamkia, "Shikamoo, nyanya," naye aliitikia, kisha akaniuliza swali moja ambalo halikubadilika: "Haya, mume wangu, leo umeona nini njiani?" Ndivyo nyanya za kwetu wawaitavyo wajukuu wao wa kiume kwa mzaha. Nami nilimjibu jibu moja ambalo pia halikubadilika: "Sikuona kitu, nyanya. Njia ni ile ile." Alinyamaza, vidole vyake vikaendelea na ukili.

Nalikuwa mtoto, na nilidhani lile ni swali la kupitisha wakati. Sikufahamu kwamba mwanamke yule alikuwa akiomba chakula. Macho yake yalikuwa yamefungwa, yangu yalikuwa wazi, na kati ya nyumba yetu na shule palikuwa na mwendo wa saa nzima wa dunia ambayo yeye hakuweza tena kuifikia. Nilipita katikati ya mali ile asubuhi na jioni, nikarudi kwake mikono mitupu.

Sasa, yapasa ujue jambo moja juu ya mbuyu. Mti wenyewe huishi muda mrefu kuliko falme nyingi. Mibuyu mingine ya Afrika iliyopimwa na wataalamu imeonekana kuwa imeishi zaidi ya miaka 1,000. Lakini ua lake ni la usiku mmoja. Hufunguka jua likitua, jeupe, pana kama kiganja cha mkono, likining'inia kichwa chini. Popo walao matunda huja gizani kunywa maji yake matamu, na kwa kufanya hivyo hubeba chavua kutoka ua hadi ua. Kukicha ua limeanza kunyauka na kugeuka rangi ya kahawia, na halikawii kuanguka. Mti wa miaka elfu una uzuri wa usiku mmoja. Asiyefika usiku huo ataukuta mti, lakini ua hatalikuta.

Jioni moja, katika msimu wa maua hayo, nyanya aliinua uso wake akanusa hewa. Akasema, "Mbuyu umefungua. Njoo unishike mkono twende, uniambie umekaaje." Siku iliyofuata nilikuwa na mtihani. Taa ilikuwa imewashwa na kitabu kilikuwa mbele yangu. Nikamjibu, "Kesho, nyanya." Hakunilaumu, wala hakurudia kuniomba.

Asubuhi nilipotoka nilimkuta chini ya mbuyu. Alikuwa amefika huko peke yake kwa fimbo yake. Alipapasa ardhi mpaka akapata ua moja lililoanguka, akalishika kwa mikono miwili, akasema, kama asemaye na nafsi yake, "Hili ndilo la jana." Kisha akaniombea heri katika mtihani wangu.

Nilifaulu mtihani ule, wala sisemi kwamba haukuwa na maana. Lakini kwenda mbuyuni na kurudi kungalichukua robo saa. Hapana mtihani ulimwenguni ufaulishwao na robo saa moja. Mwaka uliofuata nilipata nafasi katika shule ya bweni ya mbali, na kabla ya msimu mwingine wa maua nyanya yangu alikuwa amefariki. Tangu siku hiyo nimeyatazama maua ya mbuyu mara nyingi sana, lakini sijapata mtu wa kumwambia yamekaaje ambaye alihitaji kuambiwa kama yeye.

Najua, msomaji, kwamba una hoja za kunijibu, na haifai nizikimbie.

Hoja ya kwanza ni ya njaa. Utasema: uzuri wa machweo ni anasa ya walioshiba, mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani hana haja ya kuambiwa atazame mawingu. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Ukikutana na mama huyo, mpokee ndoo kwanza. Anayemwonyesha mwenziwe upinde wa mvua huku akimwacha na mzigo wake amefanya uzuri kuwa dhihaka. Lakini usiende mbali ukadai kwamba maskini hawahitaji uzuri. Mkeka usio na rangi hulalika sawasawa na mkeka wenye rangi. Kwa nini basi kina mama wa pwani hutaabika kuchovya ukindu katika rangi na kuhesabu mistari? Leso isiyo na maua hufunika mwili sawasawa na yenye maua. Kwa nini basi hapana ainunuaye? Watu wetu hawakungoja utajiri ndipo wapende uzuri. Waliutia katika vitu vile vile walivyovihitaji.

Tazama pia kumbikumbi. Baada ya mvua za kwanza hutoka ardhini kwa maelfu, wakapaa jioni au usiku kuufuata mwanga, na usiku ule ule mabawa yao hukatika. Wale waliosalimika huenda wawili wawili kuchimba makao mapya. Katika nchi ya magharibi ya Kenya watu huwategea, wakawakaanga au kuwaanika, na ni kitoweo kizuri. Mtoto aliyekwenda kuwaokota na kibuyu chake huku akiyaona mabawa yaking'aa kama mvua ya fedha mbele ya taa, hakupunguza hata kumbikumbi mmoja katika kibuyu. Alirudi nyumbani na kitoweo na kumbukumbu pamoja. Njaa na uzuri si maadui. Mara nyingi hukaa katika kibuyu kimoja.

Hoja ya pili ni ya uvivu. Utasema kwamba atazamaye maua haandiki, halimi, wala hafui. Hapa yapasa tutenganishe watu wawili wanaofanana kwa mbali. Mvivu husimama kwa sababu anaikimbia kazi, na ukimwuliza ameona nini hana la kusema. Mtazamaji husimama kwa sababu amekutana na kitu, kisha huendelea na kazi yake akiwa na nguvu zaidi. Mkulima hodari ni mtazamaji; huzisoma mbingu, huzijua siku ambazo upepo hugeuka, hulitambua jani lililoanza kuugua kabla halijaambukiza shamba. Mvuvi hali kadhalika: asiyetofautisha rangi za maji hana samaki, na huenda hata uhai hana. Kutazama hakuondoi bidii, bali huifungua macho.

Hoja ya tatu ndiyo yenye udanganyifu mkubwa, kwa sababu ndiyo niliyoitumia mimi mwenyewe kwa nyanya yangu. Ni hoja ya kesho. Jua litatua tena kesho, maua yatafunguka tena mwakani. Kuna haraka gani? Ni kweli kwamba jua litatua tena, ingawa halitakuwa na mawingu yale yale. Lakini yako mengine ambayo ahadi yake si thabiti hivyo. Kwa miaka mingi ukingo wa Ziwa Nakuru ulionekana wa rangi ya waridi kwa wingi wa heroe, na watu walidhani utakuwa hivyo siku zote. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana. Magadi ya ziwa lile yakazimuliwa, mimea midogo ya majini iliyokuwa chakula cha heroe ikapungua, na wengi wao wakahamia kwingine, kama vile Ziwa Bogoria. Tena juu ya Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, barafu iliyowastaajabisha babu zetu imepungua sana katika miaka 100 iliyopita, na mahali pengine imekwisha kabisa. Wazazi wengi walisema, "Iko siku nitawaonyesha watoto." Mlima upo, lakini barafu haikuwangoja.

Hapa twafika kwenye kiini cha swali letu, yaani wajibu. Nitakupa mfano wa mtu uliyemsikia tangu ukiwa shule ya msingi. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Mwezi wa Desemba 2004, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mjini Oslo, mbele ya wafalme na wakuu, alimaliza hotuba yake kwa kusimulia habari za kijito. Alieleza kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akitumwa na mama yake kuteka maji katika kijito kilichokuwa karibu na kwao. Huko, katikati ya majani ya nduma, aliona mayai ya vyura yaliyoungana kama ushanga, akajaribu kuyainua, na kila mara yakakatika. Baadaye aliona viluwiluwi maelfu wakichezacheza katika maji maangavu. Kisha akasema kwamba baada ya miaka zaidi ya 50 kijito kile kilikuwa kimekauka, na wanawake walikuwa wakienda mbali kutafuta maji.

Angalia vizuri, msomaji. Mtoto yule hakuwa mvivu. Alikuwa ametumwa maji. Wala hakuwa tajiri. Alikuwa na mtungi wa kujaza kama watoto wengine, lakini alisimama kidogo akautazama ule ushanga wa maji. Nusu karne baadaye kijito kilipokauka, yeye alijua ni kitu gani kilichopotea, kwa sababu alikuwa amekiona kilipokuwapo. Mwanamke yule ndiye aliyeanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, ambayo kwayo wanawake wa Kenya wamepanda miti kwa mamilioni. Ndiye aliyesimama mwaka 1989 kupinga jumba refu lililotaka kujengwa ndani ya Bustani ya Uhuru, Nairobi, mpaka mradi ule ukaachwa. Sisemi kwamba mayai ya vyura peke yake ndiyo yaliyomtenda hivyo. Alisoma sana na alitaabika sana. Nasema tu kwamba hapana mtu ailindaye mali asiyojua kuwa anayo. Anayeupita msitu bila kuutazama hatalia siku utakapokatwa, na asiyelia hatasimama.

Basi jibu langu ni kwamba wajibu upo, tena ni wa pande tatu. Ni wajibu kwetu sisi wenyewe, kwa kuwa upinde wetu hautazamwi na mwingine. Ni wajibu kwa wenzetu ambao macho yao yamefungwa na ugonjwa, au uzee, au kuta za hospitali, au mzigo wa kazi, ambao hutegemea habari tuletazo. Tena ni wajibu kwa vitu vyenyewe, kwa maana kilinzi cha kwanza cha kila kitu kizuri ni jicho lililokithamini. Apitaye asitazame amepungukiwa, naam. Lakini akifanya hivyo maisha yake yote, amekosa pia.

Tena tabia hii haikomei kwenye maua. Jicho lililofundishwa kuona wingu lililobadilika jioni huona pia uso wa rafiki uliobadilika asubuhi. Katika shule nyingi yumo mwanafunzi mwenye huzuni ambaye wenzake arobaini wamemwona kila siku, na hapana hata mmoja aliyemtazama. Nyumbani, mikono ya mama yako ina mikunjo ambayo mwaka jana haikuwapo. Hayo nayo yapita, wala hayarudi.

Kuanza si kugumu. Usijaribu kutazama kila kitu, kwa maana utachoka siku ya pili. Chagua kitu kimoja kwa siku, ukiwa njiani au dirishani, ukipe pumzi kumi. Jifunze majina, kwani kitu chenye jina hukumbukwa: mwulize babu yako jina la ndege yule na mti ule kwa lugha ya kwenu, kabla majina hayo hayajazikwa pamoja naye. Ukiwa na simu ya mkononi, usikimbilie kupiga picha. Picha si mbaya, lakini mara nyingi mtu huikabidhi simu kazi ya kutazama, akaenda zake bila kuona. Usichume kila ulipendalo, maana ua la watu wote likichumwa huwa ni la mtu mmoja kwa saa moja. Na zaidi ya yote, mpe mtu mwingine habari za ulichokiona. Uzuri upitao hauwezi kufungiwa, lakini waweza kusimuliwa, na hiyo ndiyo namna pekee ya kuuchelewesha kidogo.

Leo, usomapo maneno haya, jua li mahali fulani katika safari yake. Kabla halijazama utapita njia uliyoizoea, kutoka darasani mpaka bwenini, au kutoka shuleni mpaka nyumbani. Njia itakuwa ni ile ile, lakini jioni yake hujapata kuiona. Na kama huko uendako yuko mtu wa kukuuliza umeona nini njiani, usimjibu kama nilivyojibu mimi.